Ulinzi Kwanza

Sajini mstaafu Ambindwile alikuwa na neno moja la maisha, na ukikaa naye hata kwa kikombe kimoja cha chai huondoki bila kulisikia: ulinzi kwanza, mengine baadaye. Alilisema kwenye mkutano wa wazee wa kanisa, alilisema msibani, alilisema hata siku mkewe alipoleta vifaranga nyumbani. Miaka ishirini na kitu ya jeshi ilikuwa imemwingia kwenye mifupa. Alistaafu, akarudi kwao Masoko kulima migomba, kahawa na maparachichi, lakini shambani bado alitembea mikono nyuma, akikagua mashina kana kwamba yamepangwa gwaride.

Msimu wa bajeti ndio ulikuwa sikukuu yake. Bunge likianza kusoma makadirio kule Dodoma, yeye anapanda mjini Tukuyu kwenye ghala la Yussuph, pale mtaa wa Msasani, kusikiliza redio. Yussuph alikuwa mnunuzi wa maparachichi, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe, na wakianza kubishana hao wawili, wateja walisahau kilichowaleta. Yussuph alishikilia kwamba kila shilingi iliyokwenda kwenye bunduki ni shilingi ambayo haikwenda kwenye barabara, na barabara ndiyo iliyomfikishia yeye parachichi likiwa zima. Ambindwile akamjibu kwamba barabara isiyo na mlinzi humfaa adui vilevile. Hapo Yussuph akamrudisha nyuma, mpaka kwenye vita vya Kagera, walipoambiwa wafunge mkanda miezi kumi na minane, na mkanda ukakaa umefungwa miaka.

"Tulishinda vita, Sajini, halafu tukakosa sabuni," alisema. "Mama yangu kule Kyela alifua kanga kwa majani ya mpapai."

"Lakini nchi ipo," Ambindwile akasema. "Angefulia wapi kama nchi isingekuwepo?"

Na tusimwonee mzee wa watu, jibu lile lilikuwa na uzito wake. Mtu aliyelala miaka kwenye mahandaki ya mpakani ili wengine walale kwao, huwezi kumwambia usiku ule ulikuwa wa bure. Balaa ni kwamba ubishi huu, unaofaa nchi nzima yenye mawaziri na wataalamu, yeye aliubeba mzimamzima akaushusha kwenye kilima kimoja cha maparachichi.

Kilima hicho kilikuwa cha kikundi cha wakulima wa upande wao wa kijito. Walimchagua Ambindwile kuwa mwenyekiti kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyeweza kuwafanya Wanyakyusa wafike mkutanoni kabla ya jua kukaa kichwani. Ng'ambo ya kijito kulikuwa na kikundi kingine, na mwenyekiti wake ni Obed, ambaye alichunga ndama pamoja na Ambindwile, wakabatizwa siku moja, wakapigwa fimbo na mwalimu mmoja. Kijito chenyewe unakivuka kwa kuruka, hata gauni la mama mtu mzima halilowi.

Mwaka wa kwanza wa mavuno ya maana, wezi waliingia. Waliingia kweli, hilo halina ubishi. Walichuma parachichi changa, zile ambazo hata nguruwe angezitema, wakazijaza magunia wakatokomea nazo. Wanunuzi wakubwa wakasikia kwamba Masoko inatoa matunda mabichi, wakakunja uso, na Yussuph mwenyewe akaona aibu kuwatetea. Kikundi kikala hasara.

Ambindwile akasimama mkutanoni akasema tuweke walinzi. Wakakubali wote, na wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Tulia, binti yake.

Huyu Tulia ndiye kitinda mimba. Kaka zake wawili walikwenda zamani, mmoja Dar, mmoja Mbeya mjini, na siku hizi sauti zao zilikuja kwa simu tu, tena za haraka. Tulia alisomea kilimo chuoni, akamaliza, akarudi. Alirudi! Wazazi wangapi pale Masoko waliliona hilo? Alijua kubebesha miche, yaani kuchukua kikonyo cha parachichi bora na kukifunga kwenye mche wa kienyeji mpaka viwe kitu kimoja. Ndoto yake ilikuwa kitalu kikubwa pale nyumbani, kila mkulima wa Rungwe apate mche mzuri karibu yake. Na Ambindwile, ingawa hakuwahi kulitamka, hakuna kitu alichokitaka duniani kuliko binti huyu abaki. Alikwisha kuona mashamba ya wenzake yakigeuka pori siku chache baada ya tanga kuanuliwa.

Basi walinzi wakawekwa, vijana wachache wenye tochi na filimbi. Na ilifanya kazi. Msimu uliofuata matunda yalikaa mtini mpaka yakakomaa, bei ikapanda, akina mama wakaezeka upya majiko yao. Sajini alisifiwa mpaka akatafuta pa kuweka uso. Laiti angeishia hapo, leo tungekuwa tunasimulia habari nyingine.

Mavuno yalipokwisha, kikundi kikakaa kugawa mfuko. Tulia akasimama akaomba bomba la maji kutoka kwenye chemchemi ya juu, na neti ya kivuli kwa ajili ya kitalu. Alieleza vizuri, kwa heshima, bila kujionyesha. Alisema miti waliyonayo itazeeka, na mwenye miche ndiye mwenye kesho. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Ambindwile naye alikuwa karibu kukubali, lakini wiki ile alikuwa amesikia filimbi ng'ambo ya kijito. Obed naye alikuwa ameweka walinzi.

Kwa mkulima wa kawaida, jirani akiweka walinzi maana yake jirani kaibiwa. Kwa Sajini, maana yake ilikuwa nyingine kabisa. Aliwauliza wenzake: watu hao wanalinda nini, au wanatukagua sisi? Akawapigia hesabu za kijeshi, wao wangapi, sisi wangapi, na mkutano ule ulioanza na bomba la maji ukaisha na walinzi wengine, mbwa, na seng'enge. Tulia akaambiwa asubiri msimu ujao. Akasema sawa, baba, akakaa.

Ng'ambo nao waliona seng'enge, wakaleta mbwa. Huku wakaona mbwa, wakaongeza tochi kubwa. Ikawa hivyo. Vijana waliokuwa wanapalilia na kuchuma sasa walikuwa wanakesha, na mchana wamelala fofofo huku magugu yakiota. Msimu ukaja, mavuno yakawa yaleyale, ila mfuko ukawa mwembamba, maana walinzi wanakula na mbwa wanakula. Tulia akaomba tena bomba. Akaambiwa tena asubiri.

Zamani pale kwetu watu hawakujua uzio. Migomba yako iligusana na ya jirani, na mtu akitoka kwake kwenda kisimani alikatiza uwanjani mwako, akakuta chai, akakaa. Sasa watu walizungukia barabarani kama wageni. Elina, mke wa Ambindwile, alikuwa na rafiki ng'ambo, Hellen mke wa Obed, na tangu seng'enge ziwekwe walionana kanisani tu. Alilalamika mara moja. Mumewe akamwambia ni kwa muda.

Asubuhi moja Obed akaja mwenyewe. Alipita njia kubwa ya mbele ili asionekane mjanja, akabisha hodi, akasalimia "Ugonile" kama zamani, na Elina akamwekea ndizi za kupika na maziwa ya mgando. Akala. Halafu akafungua moyo. Alisema wale wezi wa mwaka ule alisikia walikwisha kukamatwa mbali huko, watu wa kupita, hawana kwao hapa. Kwamba yeye aliweka walinzi kwa sababu naye aliibiwa usiku uleule, ila fedha za kuwalipa alizipata msimu uliofuata, na aliwaongeza kwa sababu huku waliongeza. Sasa amechoka. Akapendekeza walinzi wachache tu, wa pamoja, wazunguke pande zote mbili, gharama wagawane, na kinachobaki kila kikundi kifanye la maana.

"Sisi wawili tunaogopana, Ambindwile," alisema Obed. "Mwizi hayupo."

Kama kuna dakika ambayo ningeweza kumshika mtu bega na kumtikisa, ni hiyo. Mwenzake wa utotoni amekaa mbele yake, mdomo una maziwa, anamwambia ukweli mtupu! Na Ambindwile anafikiria nini? Anafikiria kwamba walinzi wa pamoja watajua njia zote za shamba lake. Anafikiria kwamba adui aliyechoka ndiye huomba mazungumzo. Akamshukuru Obed kwa adabu zote, ndaga, ndaga fijo, akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi akaagiza vijana: kuanzia leo mtu wa ng'ambo asivuke kijito, awe nani awe nani.

Mwezi haujaisha, Obed akawaondoa walinzi wake karibu wote. Mbwa akawagawa kwa watu. Upande ule kukawa kimya. Mtu mwingine angeshusha pumzi. Sajini alikosa usingizi. Kimya kile, kwa mafunzo yake, kilikuwa cha mtu anayejipanga, na kilichomsumbua zaidi ni kwamba hakuweza kuona wanafanya nini, kwa sababu ya miti.

Kando ya kijito, upande wao, kulikuwa na ukanda mrefu wa migrevilia iliyopandwa na baba yake, na chini yake migomba imesongamana. Akaamua kuufyeka wote. Jeshini, alisema, kitu cha kwanza ni kufungua macho. Tulia alipopata habari alikuja mbio kutoka kwenye kijitalu chake cha nyuma ya nyumba, mikono ina udongo. Alimweleza baba yake kwamba ule ukanda ndio unaokinga upepo wa Agosti, ule unaopanda kutoka upande wa ziwa, na Agosti ndiyo parachichi linatoa maua. Elina yeye hakuzungumzia upepo. Alisimama mbele ya migomba yenye mikungu michanga akauliza tangu lini Mnyakyusa akafyeka migomba yake mwenyewe, kazi ambayo tangu zamani aliifanya mtu anayetaka kukufukuza katika nchi. Ambindwile hakuambilika. Alitia pamba masikioni. Na kwa kuwa alikuwa mwenyekiti, na kwa kuwa kweli aliwahi kuwaokoa, wanachama walikuja na mapanga na misumeno.

Kazi ilipokwisha, alisimama juu ya kilima akaona mpaka ng'ambo, kila kitu, mpaka kuku wa Obed. Alifurahi. Nasema alifurahi, na ni vibaya kukumbuka.

Maua yalikuja mazuri mwaka ule, miti ikapauka kwa wingi wake. Halafu upepo ukaja. Haukuwa wa ajabu, ulikuwa uleule wa kila Agosti, ila safari hii haukukuta kitu cha kuuzuia. Ulivuma mchana, ukapumzika, ukavuma tena, wiki nzima na siku za mbele. Siku ulipotulia, Ambindwile alitoka akakuta ardhi chini ya miti imegeuka rangi. Aliinama akazoa maua kwa viganja viwili. Walinzi walikuwa wamesimama kila mmoja mahali pake, wakamwangalia wasijue la kufanya, maana hakuna aliyewafundisha kupigia upepo filimbi.

Yussuph alishuka kutoka mjini kuja kukadiria mavuno kama kawaida yake. Alizunguka shamba na Ambindwile toka mwanzo mpaka mwisho. Walipofika juu tu ndipo aliponena kwamba mwaka huu ataelekeza gari lake ng'ambo, kwa Obed, ambaye miti yake ya kinga ipo, na asimwone mbaya. Ambindwile akasema hamwoni mbaya. Akaongeza kwamba hata yeye angefanya hivyo.

Lakini hasara ya msimu mmoja mkulima huivumilia. Kilichomvunja kilikuja jioni mbili tatu baadaye, uani, wakati Elina anamenya ndizi. Tulia alikaa karibu na baba yake akamwambia kwamba watu wa ng'ambo wamevuta maji, wamejenga kitalu kwa zile fedha walizokuwa wanalipa walinzi, na wamemwomba akakisimamie. Mama Hellen atampa chumba, maana miche inataka kuangaliwa usiku na alfajiri. Amekubali.

 Sauti ya Ambindwile haikuwa ya gwaridani.

"Yote haya nilikuwa nakulindia wewe," alisema.

"Najua, baba," Tulia akamjibu, machozi yanamtoka. "Ningekuwa sijui, nisingeumia hivi. Lakini niliomba bomba la maji tu."

Alikwenda Jumatatu. Alibeba visu vyake vya kubebeshea na kanga mbili, mama yake akamsindikiza. Hakwenda mbali, jamani, hata sauti ya kumwita ingefika. Jumapili alikuja kula nyumbani, akacheka na mama yake, akaaga kabla ya giza. Lakini asubuhi, Sajini akisimama kilimani, alimwona kule ng'ambo ameinama kwenye mistari ya miche ya watu wengine, na hakuna mti hata mmoja wa kumfichia asione.

Alivumilia mpaka baada ya mwaka mpya. Kikundi kilikwisha kumaliza mfuko, walinzi wakaachishwa mmoja mmoja, seng'enge zikaanza kushika kutu. Siku moja alivaa shati safi, akaruka kijito, akaenda kununua miche ya parachichi na ya kinga apande upya ule ukanda. Tulia alimwona akija, akapiga goti kidogo kumsalimia kama alivyofundishwa, akamtafutia kigoda. Kitalu kilikuwa kinapendeza kweli. Maji yalikuwa yanatiririka, wanawake wa ng'ambo wanajaza udongo kwenye viriba na kuimba nyimbo za kanisani. Ambindwile akaeleza shida yake kama mteja yeyote. Binti yake akaona haya kumjibu.

"Ya mwaka huu yote ina wenyewe, baba. Nitakuwekea michache ya mwakani."

Akamwambia hana haraka. Akamtazama akirudi kwenye kazi yake, na moyo ulimuuma kwa fahari na majuto kwa pamoja, hata hakujua kipi ni kipi. Obed akaja akakaa naye. Hawakuwa wamekaa hivyo tangu siku ile ya maziwa. Ambindwile alikuwa amejiandaa tangu usiku, akayasema moja kwa moja: kwamba alikosea, kwamba siku ile angemsikiliza.

Obed hakufurahia kuyasikia. Alichezea kofia yake, akaangalia chini, na akawa kama mtu anayejiuliza kama aseme au aache.

"Nilirudi tena," akasema. "Wiki mbili baadaye. Chemchemi nzuri iko kwako, si huku. Nilikuja kukuambia kitalu kijengwe kwako, binti yako akisimamie nyumbani kwenu, sisi tungetoa fedha za bomba. Vijana wako walinizuia kijitoni. Niliwaambia mimi ni Obed, wakasema amri ni amri."

 Ambindwile aliikumbuka siku ile. Kijana wa zamu alikuja kumripotia kwamba kuna mzee wa ng'ambo alitaka kuvuka, wakamrudisha, na yeye hakuuliza jina. Alimpongeza. Alimpa mkono kabisa, akamwambia angekuwa na askari kumi kama yeye angelala usingizi.

Tulia alikuja na chai, akaweka kikombe mbele ya baba yake, akarudi baadaye akamuuliza mbona hajanywa. Alimjibu bado ya moto.